GW-BASIC inaganda baada ya kutuma ATDT

Ndugu, umeuliza kwa nini programu yako ya GW-BASIC (lugha ya programu ya kompyuta za zamani za DOS) inaganda ukishapiga namba kwa modemu (kifaa cha kuunganisha kompyuta na laini ya simu). Tatizo ni INPUT #1, amri ya kusoma mstari kutoka faili namba 1, yaani modemu. Modemu ikishapokea ATDT (amri ya kupiga namba) hukaa kimya mpaka upande wa pili ujibu, na muda wote huo INPUT inasubiri mstari, hata kibodi husomi. Badala yake weka hii ndani ya kitanzi (sehemu ya programu inayojirudia):

IF LOC(1)>0 THEN PRINT INPUT$(LOC(1),#1);

LOC inakuambia herufi ngapi zimeshafika, unachukua hizo tu na kuendelea na kazi nyingine.

Kumbuka BASIC yenyewe haina amri za modemu, inafungua COM (mlango wa kompyuta unaochomekwa modemu) kama faili basi. Amri za AT ni za modemu, urithi wa modemu ya Hayes Smartmodem ya 1981.

Kufungua:

OPEN "COM1:1200,N,8,1,CS0,DS0" AS #1

Usiruke N,8 (bila pariti, yaani biti ya kukagua makosa, na biti 8 za data): usipotaja unapewa pariti shufwa na biti 7, utasoma takataka. CS0 na DS0 zinaiambia BASIC isisubiri ishara za modemu, hivyo zinazuia kosa la Device Timeout kwa kebo ya nyaya chache.

Kukata simu: tulia sekunde moja, PRINT #1,"+++"; (inairudisha modemu kwenye kupokea amri; nukta mkato ni lazima, isitoke Enter), tulia tena, kisha PRINT #1,"ATH".