Maswali na Majibu: LIKE Inajua Herufi, Haijui Mtu

Natumia MySQL, programu ya hifadhidata. Natafuta wateja wanaoitwa Ali kwa LIKE '%Ali%' (sharti la kutafuta maandishi yanayofanana na kiolezo), wananijia akina Salim na Halima. Programu ina kasoro?

Haina. Herufi a-l-i zimo ndani ya Salim na Halima, na Khalid naye yuko njiani. Kama jina la kwanza lina safu yake, andika = 'Ali' uishie hapo. Kama majina yote matatu mmeyasukuma kwenye safu moja, tatizo lenu lilianza siku mliyounda jedwali.

Tumehamia PostgreSQL, sasa LIKE 'asha%' haimpati Asha.

LIKE ya PostgreSQL hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Tumia ILIKE, isiyotofautisha. Nimeshalijibu hili mara nyingi mno; jamani, mwongozo usomwe kabla ya kuhama.

Mohamed ameandikwa kila namna. Nimpateje?

Jaribu 'M_ham%d%'. Mstari wa chini (_) ni herufi moja kamili; asilimia (%) ni herufi zozote, hata zisipokuwepo. Utawapata Mohamed, Muhammad na Mohamedi. Ila hutajua kama ni watu watatu au ni mmoja aliyesajiliwa mara tatu, kwa hiyo msiunganishe akaunti za watu kwa kufanana majina. Kaangalieni namba ya kitambulisho.

NOT LIKE inaruka baadhi ya rekodi.

Hizo ni NULL, yaani safu haina thamani yoyote, na LIKE wala NOT LIKE haziikubali. Ongeza OR safu IS NULL.

Rekodi zetu za majaribio zinaanza na T_. Nizifute kwa DELETE yenye LIKE 'T_%'?

Usithubutu! Mstari wa chini hapo ni herufi yoyote. Itaondoka T_001, na TNG014 ya Tanga na TBR020 ya Tabora zitaifuata. Mimi yalinikuta Ijumaa jioni. Nakala ya akiba ilikuwa ya Jumatano, na risiti za siku mbili tuliziingiza upya kwa mkono, karatasi moja moja, hadi Jumapili usiku. Andika LIKE 'T!_%' ESCAPE '!', ili alama ya ! iufanye mstari wa chini usomwe kama mstari wa chini wenyewe. Kabla ya hapo endesha SELECT (amri ya kusoma tu) yenye sharti hilohilo, usome kilichorudi mstari kwa mstari, usitosheke na idadi. Kisha anza na BEGIN (inayofungua muamala unaoweza kutenguliwa), ufute, uhesabu. Idadi isipolingana na ile ya SELECT, piga ROLLBACK papo hapo, urudishe yote. Ukishapiga COMMIT, yaani kuthibitisha moja kwa moja, kilichobaki ni nakala ya akiba, kama mnayo.