Jibu: Dogo asichomwe sindano kabla hajasaini mkataba mpya

Asichomwe. Salamu tutapeana baadaye.

Umeandika mdogo wako ana miaka 21, beki wa kati League Two (daraja la nne Uingereza), enka inavimba kila baada ya mechi, mkataba unaisha 30 Juni, na kocha kamwambia achomwe sindano ya kuzima maumivu wamalizie msimu kwa sababu timu inawania plei-ofu (mechi za mtoano za kupanda daraja), mkataba mpya wataongea wakishapanda. Halafu ukauliza abadilishe wakala au la, akitemwa ashuke National League, daraja la tano, au arudi Dar, na Taifa Stars anaingiaje. Mkuu hayo yote yanasubiri, sindano haisubiri.

Mimi nimecheza nafasi hiyo hiyo kwenye madaraja hayo hayo ya Uingereza na maneno hayo niliambiwa karibu neno kwa neno, tena na mtu aliyenishika bega kama baba mzazi. Watu huku nyumbani wakisikia mchezaji wa kulipwa Uingereza wanaona Old Trafford, hawajui League Two ni mechi 46 za ligi, unacheza Jumamosi, Jumanne usiku uko kwenye basi safari ndefu, na kazi ya beki wa kati kule ni kuruka na kutua, kuruka na kutua, mrusho mrefu, kona, mpira wa kichwa na kiwiko cha straika juu. Enka ndiyo inayobeba hayo yote.

Nilivyochomwa mara ya kwanza nilifurahi, hilo ndilo linaloniuma. Fizio, mtaalamu wa viungo wa timu, anakulaza, dokta anachoma pembeni ya kifundo, dakika chache mguu unakuwa kama wa mtu mwingine, unasimama unaruka huhisi kitu, unaingia uwanjani unapiga mechi safi kabisa na mashabiki wanaimba jina lako. Kisha kwenye basi la kurudi ganzi inaisha. Nilikaa nimeweka mguu kwenye siti ya mbele na mfuko wa barafu tulioununua kituo cha mafuta, kiatu hakiingii, na Jumatatu sikufanya mazoezi, nikasubiri Jumamosi nichomwe tena. Ikawa ndiyo ratiba mpaka msimu ukaisha. Maumivu ndiyo yangenisimamisha, na wao waliyazima, sasa kila nikigeuka nachana zaidi na sijui. Skani ya mwezi Mei ikaonyesha ligamenti imekatika na gegedu imelika.

Na yule kocha? Alishafukuzwa! Aliyeniahidi mkataba hakuwa na uhakika hata yeye mwenyewe kama Jumanne ijayo atakuwa kazini, na nilimwamini. Aliyekuja hanijui, anaona beki mwenye magongo. Jina langu nililikuta kwenye orodha ya walioachwa kwenye tovuti ya klabu, hakuna aliyepiga simu, wakala naye aliyekuwa ananiambia "onyesha moyo wa simba kaka, watakukumbuka" akaanza kutopokea. Mpaka leo nina hasira nao wote wawili na sioni sababu ya kuificha.

Kiangazi chote timu zilinipigia, tunaelewana vizuri, napelekwa vipimo vya afya, wakiona picha ya enka basi. Mchezaji huru mgonjwa hana soko. Sikurudi tena kwenye ligi za juu, nikamalizia National League North, daraja la sita, nacheza huku nafanya kazi ya stoo.

Sasa linganisha na beki mwenzangu tuliyekuwa naye kikosini. Yeye aligoma. Machi alisema siwezi, akafanyiwa operesheni akiwa bado ndani ya mkataba, klabu ikalipa, wengine wakamwita mwoga vyumbani. Mei naye akatemwa kama mimi, lakini Julai alikuwa anakimbia, akapita vipimo, akasaini miaka miwili kwingine.

Kwa hiyo kama klabu inamtaka kweli, iandike. Si "tutaongea", si meseji ya WhatsApp, karatasi imesainiwa ndipo wazungumzie mguu. Na hata karatasi si kinga kamili, waangalieni wachezaji wa klabu ya Bury, walipanda League One, daraja la tatu, 2019 huku mishahara haijalipwa, tarehe 27 Agosti mwaka huo huo klabu ikafukuzwa EFL, chombo kinachosimamia ligi hizo, watu wana mikataba halali mkononi na hawana timu. Kama maandishi yanaweza kuyeyuka hivyo, ahadi ya mdomo ya kocha ina thamani gani?

Jambo jingine, amuulize dokta ni dawa gani hasa. Kama ni ganzi tu, hairekebishi chochote, inaficha. Kama ni jamii ya kotisoni, dawa za kupunguza uvimbe, tangu 1 Januari 2022 WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa haramu michezoni, wamepiga marufuku sindano zake zote kipindi cha mechi bila kibali maalum, na dawa inakaa mwilini siku kadhaa, akipimwa ikakutwa anayejibu ni yeye, si fizio. Enzi zangu hilo halikuwepo na wengi bado wanaongea kama halipo.

Apige simu PFA, chama cha wachezaji, si wakala. Ana haki ya kutafuta maoni ya daktari mwingine nje ya klabu, PFA wamesaidia wengi hata kwa gharama za matibabu. Aombe MRI sasa hivi, aombe nakala ya picha na ripoti, abaki nayo yeye.

Kushuka National League kusiwatishe hata kidogo. Haji Mnoga kazaliwa Portsmouth, beki, alipelekwa kwa mkopo Weymouth, Bromley, Gillingham, Aldershot, baadaye akatua Salford ya League Two, na AFCON ya Ivory Coast, bado yuko kwa mkopo Aldershot ya National League, alikuwa na Taifa Stars. Mtu anashuka na anapanda, ila awe na miguu.

Mechi yao ijayo ni lini? Kama ni Jumamosi hii mpigie usiku huu huu, usimtumie meseji, na akishapata majibu ya MRI yaweke hapa tuyaone.