Re: Wimbo wa kwanza wa jazz kwa mpiga kinanda wa kwaya

Mdogo wangu umesema unapiga kinanda kwaya hapo Iringa na unatafuta wimbo wa kwanza wa jazz, mi nakwambia anza na Autumn Leaves, ule uliotungwa na Joseph Kosma huko Ufaransa, vipimo (bars) 32 tu na kodi zake (chords, sauti zinazopigwa pamoja) zinajirudiarudia.

We si unasoma do re mi? Basi Bb (B flat) iwe do, halafu besi inatembea re, so, do, fa, ti, mi, la, yaani kodi za Cm7, F7, Bb, Eb, Am7b5, D7, Gm. Nota zote saba za skeli hizo hapo! Kwenye D7 kumbuka F# (F sharp), wengi wanapiga F ya kawaida inaharibu.

Ila usijaze kodi kama tunavyofanya kanisani. Kushoto besi, kulia sauti mbili tu, ya tatu na ya saba ya kodi. Cm7 ni Eb na Bb, ukienda F7 ile Eb inabaki palepale, Bb inashuka nusu toni tu kuwa A, kidole kimoja kimesogea na rangi yote imebadilika. Siku nimelisikia hilo nilikuwa Uyole, Mbeya, baridi ya Julai vidole ganzi kabisa, nikarudia hapohapo mpaka usiku.

Melodi iimbe kwa mdomo kwanza ndo uitafute kwenye kinanda. Na metronomu, kile kifaa cha kugonga mapigo, iweke polepole, igonge mpigo wa 2 na wa 4 kama makofi ya pambio, wiki mbili hivi kabla hujaanza kunogesha vya kwako.