Fokasi kukimbilia mawimbi badala ya mchezaji

Mkuu, umesema kwenye picha zako wachezaji wa soka pale Coco Beach wanatoka na ukungu huku mawimbi ya nyuma yako safi kabisa. Lenzi usiilaumu bado. Angalia kwanza modi ya fokasi, yaani jinsi kamera inavyolenga ili kitu kitoke kikali. Kwenye AF-S (Canon wanaiita One Shot) kamera inapima umbali mara moja, inafunga, basi. Mtu akipiga hatua mbili ameshatoka kwenye fokasi. Weka AF-C, kwa Canon ni Servo. Hapo ukiendelea kubonyeza kitufe cha kupigia picha nusu, kamera inapima mfululizo na kubashiri atakuwa wapi shata (pazia la kupitishia mwanga) itakapofunguka.

Sasa hayo mawimbi. Ukiiachia kamera ijichagulie popote kwenye fremu, hurukia chochote chenye utofauti mkali wa weusi na weupe, na povu la bahari ndiyo lenyewe. Tumia eneo dogo, pointi moja na jirani zake, liweke kifuani kwa mchezaji. Kisha ingia kwenye menyu utafute mpangilio wa ung'ang'anizi wa fokasi, uuongeze, ili mwamuzi akikatiza mbele kamera isimfuate yeye.

Kamera zisizo na kioo (mirrorless) za siku hizi zinatambua macho, raha tupu kwa kweli, ila watu wakirundikana golini nazo hupotea.

Kasi ya shata anzia 1/1000 ya sekunde. Ikifika saa kumi na mbili jioni mwanga unakata haraka, pandisha ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga), ingawa picha itaingia chenga, yaani vidoadoa. Hizo chenga utazipunguza baadaye kwenye kompyuta.