Viroba kwenye utoro wa lambo: jibu kwa katibu wa kamati ya maji, Nachingwea

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Kijijini kwetu, wilaya ya Nachingwea, tuna lambo la udongo lenye tuta la kimo cha kama mita sita. Msimu uliopita tuliona maji yanachuruzika chini ya tuta, upande wa majaruba ya mpunga. Kila Septemba lambo linakauka na mifugo inahangaika, kwa hiyo baadhi ya wajumbe wanataka tupange viroba vya mchanga kwenye utoro, yaani njia inayotoa maji ya ziada lambo likijaa, ili maji yapande nusu mita. Wengine wanasema kwanza tuzibe panapochuruzika kwa saruji. Tuanze na lipi? Na nani hasa anapaswa kulikagua? Tangu waliolijenga waondoke hatujamwona mtu.

JIBU: Ndugu Katibu, nashukuru mmeuliza kabla ya kushika koleo. Msianze na lolote kati ya hayo mawili. Viroba vinaweza kulivunja lambo kwa mvua moja kubwa, na saruji inaweza kulivunja polepole bila mtu kuona.

Nianze na utoro, maana hapo ndipo penye hatari kubwa. Tuta la udongo hushikilia maji vizuri yakiwa nyuma yake, lakini haliwezi kustahimili maji yanayopita juu yake. Yakishavuka kilele hukwangua mteremko wa nyuma, yanachimba korongo, korongo linarudi juu hadi likutane na lambo, na tuta linakatika, pengine kwa saa chache tu. Mabwawa ya udongo yaliyovunjika duniani, karibu nusu yamekwenda kwa njia hiyo.

Sasa tupige hesabu. Chukulia utoro wenu una upana wa mita 10 na sakafu yake iko mita moja chini ya kilele cha tuta. Maji yakijaa hapo mpaka usawa wa kilele, utoro utatoa kama mita za ujazo 17 kwa sekunde. Mkipanga viroba vya nusu mita, kina kinachobaki ni nusu, lakini maji yanayopita hayabaki nusu. Yanashuka mpaka kama mita za ujazo 6, yaani takribani theluthi moja. Kisha fikiria eneo linaloleta maji kwenye lambo ni kilomita za mraba tatu, ikanyesha milimita 100, na theluthi ya mvua hiyo ikateremka ndani ya saa nne. Hiyo ni karibu mita za ujazo 7 kwa sekunde kwa wastani, na kwenye kilele cha mafuriko ni zaidi. Utoro ulio wazi unaimudu. Utoro wenye viroba umeshindwa, na maji yanapita juu ya tuta. Vipimo vyenu vitatofautiana na hivi, lakini hesabu inakwenda vilevile.

Na faida mnayoitafuta ni ndogo kuliko inavyoonekana. Kiangazi chetu cha kusini jua linaweza kunywa kama milimita 5 za maji ya lambo kwa siku, yaani sentimita 15 kwa mwezi. Nusu mita mliyoihatarishia tuta itaisha kwa jua peke yake kwa miezi mitatu hivi, kabla hamjahesabu ng'ombe. Kama haja ni maji zaidi, toeni tope ndani ya lambo wakati wa kiangazi, mbali na mguu wa tuta, na msichimbe mpaka mkatoboa tabaka la mfinyanzi. Mifugo nayo ijengewe birika nje ya lambo linalojazwa kwa bomba, isiingie majini wala isipande tuta. Kwato za ng'ombe huchimba njia kileleni, na hapo palipochimbika ndipo maji yatakapovukia kwanza.

Kagueni pia kama kuna aliyeweka uzio wa matete au nyavu kwenye utoro kuzuia samaki wasitoroke. Jambo hili ni la kawaida, na anayelifanya hana nia mbaya. Lakini uzio hukamata matawi na majani, na usiku wa mvua hugeuka ukuta. Ung'oeni.

Kuhusu mchuruziko: karibu kila tuta la udongo hupitisha maji kidogo, na lenu si la ajabu kwa hilo. Linalotakiwa kuangaliwa ni rangi ya maji na kiasi chake. Maji maangavu yanayotoka kwa kiasi kilekile yanafuatiliwa tu. Maji yenye tope maana yake tuta linatoka pamoja nayo, chembe baada ya chembe, na ndani kunajichimba mfereji kuanzia nyuma kuelekea kwenye lambo. Kwa macho tuta linaonekana zima mpaka saa ya mwisho.

Kipimo chake hakina gharama. Kusanyeni mchuruziko kwa kipande cha bomba, mkinge ndoo ya lita 20, mhesabu dakika inazochukua kujaa. Siku hiyohiyo someni usawa wa maji kwenye nguzo yenye alama ndani ya lambo, muandike vyote viwili daftarini. Kinachofananishwa ni vipimo vya usawa uleule. Lambo likijaa, mchuruziko kuongezeka ni kawaida, lakini ukiongezeka wakati maji ya lambo yako palepale, hiyo ni habari mbaya. Kisha jazeni maji hayo kwenye chupa ya plastiki inayopitisha mwanga, muiache itulie usiku kucha. Asubuhi tazameni kitako chake. Kama kuna mchanga laini au udongo, msisubiri kipimo cha pili, nipigieni mimi au ofisi nitakazozitaja hapa chini.

Ndiyo maana nakataa saruji. Maji mliyoyazibia mlango yatabaki ndani ya tuta, yatalilowesha, na yatatafuta pa kutokea pengine, mara nyingi juu zaidi kwenye mteremko, ambapo udongo uliolowa utaporomoka. Panapotoka maji panafunikwa kwa kitu kinachoyaruhusu kupita na kuzuia udongo: mchanga safi wa mtoni kwanza, halafu kokoto, halafu mawe. Kwa kazi ya kudumu, unene na ukubwa wa chembe upangwe na mhandisi aliyesajiliwa.

Hukutaja miti, nami naiuliza kwa sababu huku kwetu mkorosho huota popote. Vichaka na miche myembamba kwenye tuta ikateni, muache nyasi fupi kama ukoka. Mti mkubwa msiukate wala kuung'oa kabla haujaonwa na mtaalamu, kwani mizizi ikioza huacha mashimo yanayopitisha maji. Vichuguu vya mchwa na mashimo ya panya buku yaandikwe yalipo, na pale bomba la kutolea maji linapotokea chini ya tuta paangaliwe kila mnapokwenda. Maji hupenda sana kufuata ubavu wa bomba, kwa sababu ni vigumu kuushindilia udongo vizuri hapo.

Sasa ukaguzi. Lambo linasimamiwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, na kuna kanuni za usalama wa mabwawa za mwaka 2013. Mwenye lambo ndiye anayebeba wajibu wa kwanza wa usalama wake. Kwa hiyo swali la kujibu kwenu, na kwa maandishi, ni hili: lambo ni mali ya nani leo? Ya kijiji, ya halmashauri, au ya chombo cha watumia maji kilichoandikishwa chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini? Malambo mengi yaliyojengwa kwa miradi yameachwa bila jibu, na lisilo na mwenyewe halikaguliwi. Andikeni barua kwa Bodi ya Maji Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, yenye makao yake Mtwara, nakala kwa meneja wa RUWASA wa wilaya na kwa mkurugenzi wa halmashauri. Tajeni kimo cha tuta, upana wa utoro, mchuruziko, na idadi ya nyumba zilizo bondeni chini ya lambo. Ulizeni kama lambo limesajiliwa na kama lina kibali, muombe likaguliwe kabla ya Novemba. Ambatanisheni nakala ya daftari. Barua yenye vipimo ni ngumu kuwekwa kando.

Kimo cha mita sita kisiwafanye mlione dogo. Bwawa la Patel kule Solai, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, lilikuwa la udongo, la shambani. Lilivunjika usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na kuua zaidi ya watu 40. Na kwetu angalia majira: kimbunga kilichopiga Lindi mwaka 1952 kilikuja Aprili, Kenneth wa 2019 alipita jirani Cabo Delgado, Msumbiji, mwishoni mwa Aprili, Hidaya wa 2024 akatukuta mwanzoni mwa Mei. Vyote vilifika mwisho wa msimu, malambo yakiwa yamekwisha kujaa. Kwa hiyo ukaguzi wa kiangazi hautoshi. Machi na Aprili pitieni tuta kila wiki, na kila baada ya mvua kubwa.

Ikitokea mchuruziko umegeuka tope mvua ikinyesha, waondoeni kwanza watu wa bondeni kupitia kamati ya maafa ya kijiji, ndipo mfungue bomba la kutolea maji. Mtu mmoja akae kwenye kilele akiangalia, asishuke mguuni mwa tuta. Mkiweza kufika panapotoka maji bila hatari, wekeni mchanga, kokoto na mawe kama nilivyoeleza. Msikate tuta ili kupunguza maji, hata akija mtu mwenye uzoefu kuwaambia hivyo. Mfereji mliouchimba kwa jembe utapanuka kuliko mnavyoweza kuuzuia. Namba za mwenyekiti wa kijiji, mtendaji wa kata na RUWASA ziandikwe kwenye jalada la daftari hilohilo la vipimo, na aliye karibu zaidi na lambo awe nalo nyumbani.