Jibu: Taasisi gani ya kukabidhiwa ukweli?
Salaam ndugu. Umeuliza kama kuna taasisi inayoweza kukabidhiwa ukweli, maana tume ya uchaguzi inasema hivi na mahakama vile. Mimi kwanza naangalia kama wameweka wazi karatasi zenyewe, ili hata asiyewapenda aweze kukagua.

Chukua IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu iliagiza seva za tume (kompyuta zinazohifadhi matokeo) zikaguliwe, tume haikutii kikamilifu, na Septemba 1 uchaguzi wa urais ukafutwa. Mwaka 2022 tume hiyohiyo ikaweka picha za Fomu 34A, yaani fomu ya matokeo ya urais ya kila kituo, za vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti yake. Nilipakua ya kituo changu nikailinganisha na iliyobandikwa mlangoni: tarakimu zilezile. Hata makamishna 4 kati ya 7 walipoyakana matokeo, fomu zilibaki pale, anayetaka ajumlishe mwenyewe. Hapo ndipo imani yangu iliposhika.

Basi anza na kituo ulichopigia kura, kisha cha jirani. Fomu haitakwambia kama mtu alihongwa au alitishwa. Hayo waulize mawakala wa wagombea waliokuwa ndani ya kituo, wa pande zote.