Grupu ya LDAP imebaki na mtu mmoja baada ya ldapmodify

Boss, kama umeongeza Wanjiku kwa grupu ya LDAP (ile daftari ya watumiaji kwa seva) ukitumia ldapmodify na wengine wote wakapotea, shida ni hiyo replace umeweka kwa faili ya mabadiliko (LDIF). Inafuta kila member aliyekuwa hapo halafu inaacha wale tu umeandika, sasa wewe unataka add:

dn: cn=wahasibu,ou=groups,dc=mfano,dc=co,dc=ke
changetype: modify
add: member
member: uid=wanjiku,ou=people,dc=mfano,dc=co,dc=ke

Weka hiyo kwa faili inaitwa grupu.ldif, halafu piga:

ldapmodify -x -W -D "cn=admin,dc=mfano,dc=co,dc=ke" -f grupu.ldif

Kabla uguse seva ya kazi weka -n -v kwanza, inakuonyesha tu ingefanya nini. Ukibadilisha vitu viwili kwa entri moja (rekodi ya mtu ama grupu), say mail na namba ya simu, tenganisha na laini yenye kistari kimoja tu, na usiache laini tupu hapo kati juu itadhani umeanza entri ingine na itakutusi. Na kama hiyo grupu ni posixGroup (aina ya grupu ya Linux/Unix) basi si member, ni memberUid, unaandika wanjiku peke yake bila dn ndefu (hiyo ni anwani kamili ya entri). Wale walipotea warudishe na add hiyo hiyo, kila mtu na laini yake ya member, majina utayatoa kwa bakap ya slapcat (komandi ya OpenLDAP ya kutoa data yote kwa faili) kama mnayo.